Maneno juu ya Kununua Udongo wa Mbali

(Maneno yaliyosemwa Bukavu na karani mmoja wa mgodi, kwa niaba ya wenzake wa likelemba, mbele ya wafanyakazi na wenyeji wa mji.)



Tangu miezi mingi watu wanatusimamisha njiani, na sokoni, hata kwenye mlango wa kanisa, wakituuliza: Je, ni kweli kwamba kule chini, katika uwanda wa Ruzizi, hekta nzima ya udongo inauzwa kwa bei isiyofika ile ya kiwanja kidogo cha nyumba hapa Kadutu? Tunajibu: ndiyo, ni kweli. Sisi wenyewe tulinunua. Na leo tumekuja kuwaeleza ni kitu gani hasa tulichonunua, maana wengi mnaokaa hapa feza yenu imo ndani ya jambo hili, na siku ya kupiga kura inakaribia.

Kwanza, msitucheke kwa kutamani shamba. Mtu wa mgodi hana mahali pake. Nyumba ya kambi ni ya kampuni, taa ni ya kampuni, na siku kazi inapokwisha hata mlango si wako. Wazee wetu wa Kamituga waliyaona hayo. SOMINKI iliundwa mwaka 1976 kwa kuunganisha makampuni ya zamani, na mwaka 1997 ikafungwa. Mtu aliyekuwa fundi wa mashine miaka ishirini akajikuta na koleo mkononi, akitafuta dhahabu kwenye mashimo kama kijana asiye na kazi. Na hapa mjini ni vivyo hivyo. Milima yetu imejaa nyumba hadi kwenye makorongo, mvua ikinyesha udongo unateremka na watu wake, na moto ukishika nyumba moja ya mbao, mtaa mzima unaungua. Mwenye akili anatafuta pa kukimbilia.

Basi sisi tulikuwa watu kumi na wanne, makarani, wachimbaji, dereva mmoja, na mama watatu wanaouza unga na samaki. Tulitoa likelemba yetu, badala ya kuigawa kila mwezi tukaiweka pamoja. Komisioneri mmoja alitujia na habari za shamba la hekta kumi na mbili, mbali na njia kubwa inayotoka Bukavu kwenda Uvira, karibu na miguu ya milima. Alituonyesha picha katika simu yake: majani yanafika magotini, ng'ombe wanene, kijito kinametameta. Alisema, «Ni pori tupu. Hakuna mtu.» Neno hilo «tupu» mlishike, tutalirudia.

Tulituma watu watatu mwezi wa pili mwaka 2024. Walikuta kila kitu kama kwenye picha. Walimwona mkubwa wa kijiji, wakanywa naye, akawatembeza upande wa juu peke yake, maana upande wa chini, alisema, kulikuwa na tope. Walirudi wakifurahi. Tukalipa nusu ya bei, tukapewa karatasi yenye saini na muhuri. Sisi makarani tunajua karatasi, ndiyo kazi yetu, na ile ilikuwa karatasi nzuri sana. Hapo ndipo tulipokosa, ndugu zetu. Tuliisoma karatasi mara nne, na udongo tuliutazama mara moja tu.

Mwezi wa nane tulishuka watu sita. Wale mnaokaa Bukavu daima mnafikiri Kongo yote inapata mvua kama yenu. Hapa tuko juu, ziwa la Kivu liko mita 1,460 hivi juu ya bahari. Maji yake yanatoka kwa mto Ruzizi, yanaporomoka kati ya milima hadi ziwa Tanganyika, ambalo liko chini kwa karibu mita 700. Ule uwanda uliomo kati ya milima miwili unapata joto jingi na mvua haba kuliko mlima, na toka mwezi wa sita hadi wa tisa mbingu inafungwa kabisa. Mahali pengine udongo wenyewe una chumvi, ukikauka unatoa unga mweupe juu, na mahindi hayaupendi. Penye mfereji wa maji ni mahali pa baraka, panalimwa mpunga, na zamani Wabeleji walipanga huko mashamba ya pamba, na kiwanda cha sukari cha Kiliba kilisimamishwa huko. Lakini penye mfereji si penye bei rahisi. Bei rahisi iko pale ambapo mfereji haufiki.

Kile kijito cha picha kilikuwa mchanga mtupu. Tuliuliza maji yako wapi, mtoto mmoja akatuonyesha kwa mkono, tukatembea saa nzima na nusu, nasi hatukuwa na ndoo kichwani. Kati yetu kulikuwa na mzee aliyefanya kazi ya pampu za mgodi, akasema, «Hapa mmenunua jua.» Tulicheka, lakini si sana.

Tena tukateremka upande wa chini, ule uliosemwa una tope. Hapakuwa na tope. Palikuwa na mihogo, safi, imepaliliwa, na maharagwe yaliyokwisha kuvunwa, na nyumba saba. Mama mmoja mzee alitoka, akatutazama viatu, akatuuliza: «Mmekuja kuuliza njia, au mmekuja kunifukuza?»

Hatukuwa na jibu. Alitukalisha, akatupa maji, yale maji ya kutoka mbali. Alituambia kwamba mume wake aliingia pale kwa mkubwa aliyekufa, baba wa huyu wa leo, na kila mavuno wanatoa sehemu yao, bila karatasi. Watu wa Bushi mnaoketi hapa mnaelewa mara moja. Kwenu kuna kalinzi, mtu anampelekea mwami au mkubwa wake ng'ombe, naye anapata udongo ambao wanawe watauriti. Na kuna bwasa, ambayo ni kulima kwa muda kwa kutoa zawadi au kazi, na mwenye udongo anaweza kukuondoa. Kule chini majina na desturi ni nyingine, lakini mama yule alikuwa katika hali inayofanana na bwasa, isipokuwa ilidumu hata akazaa, akazika mume, akaona wajukuu. Huyu mkubwa wa leo alituuzia sisi udongo ule pamoja na mihogo yake.

Hapo sasa tulilazimika kwenda kusoma sheria, jambo tulilopaswa kulifanya kwanza. Tutasema kwa ufupi, maana hapa wengi mmechoka na kazi.

Tarehe 1 Julai 1885, Leta ya Leopold iliandika kwamba udongo usio na mtu ni wa Leta. Na nani aliyeamua kwamba hauna mtu? Ni Leta yenyewe. Shamba lililopumzishwa lirudishe nguvu, waliliita tupu. Malisho, waliyaita matupu. Pori la kuni na la dawa, tupu. Mwaka 1928 likaundwa Comité National du Kivu, likapewa mamlaka ya kugawa udongo wa nchi hii kwa wazungu wenye mashamba ya kahawa, chai na kinini. Wababu wetu wakalima kwa mshahara pale walipokuwa wanalima kwa nyumba zao. Baada ya uhuru, mwaka 1966, ilitoka sheria inayoitwa Bakajika, iliyorudisha udongo na madini mikononi mwa Leta ya Kongo. Tukashangilia. Mwisho wa mwaka 1973 mashamba ya wageni yaligawiwa wananchi, lakini kila mtu wa Kivu anajua ni wananchi wa namna gani walioyapata. Mlimaji hakuwa mbele katika mstari ule.

Na tarehe 20 Julai 1973 ikatoka sheria kubwa ya udongo. Iliandika, katika kifungu cha 53, kwamba udongo ni mali ya Leta peke yake, na hauwezi kuuzwa. Basi mtu akikwambia «nakuuzia udongo», jua kwamba kwa sheria ile anauza kitu kisicho chake. Mwananchi anaweza kupewa na Leta haki ya kutumia, ama ile ya daima, ama ile ya miaka isiyozidi 25 inayoweza kurudiwa. Haki hiyo haithibitishwi kwa karatasi ya mkubwa wa kijiji, bali kwa cheti cha kuandikishwa kinachotoka katika ofisi ya vyeti vya udongo. Kabla ya kuitoa kwa udongo wa vijijini, lazima kufanywe uchunguzi pale pale mahali, tangazo libandikwe, majirani waulizwe. Na wale wanaoishi kwa desturi, wasio na cheti, sheria ilisema nini? Vifungu vya 387 hadi 389 vilisema udongo wao nao ni wa Leta, na haki zao zitaelezwa kwa amri ya Rais. Miongo mitano ikapita bila amri ile kutoka. Mama wa mihogo yuko ndani ya shimo hilo.

Sikieni sasa palipo na sumu. Kifungu cha 227 kinasema cheti kikitimiza miaka miwili hakishambuliwi tena. Aliyeonewa anaweza kudai fidia ya feza, lakini udongo haurudi. Mtu mmoja anayejua mambo ya ofisi, hatutamtaja, alitunong'oneza kwamba uchunguzi unaweza kufanywa mezani, bila mtu kushuka uwandani, ikiwa tutatoa kidogo. Tangazo lingebandikwa mahali ambapo mama yule hapiti, kwa Kifaransa ambacho hasomi. Miaka miwili ingepita kimya. Kisha tungefika na askari, na karatasi yetu nzuri, nasi tungekuwa upande wa sheria.

Wenzetu wengine walisema tufanye hivyo. Msiwachukie. Mmoja ana watoto saba na kifua kilichojaa vumbi la mawe, hana miaka mingi ya kungoja. Alisema: «Tusipochukua sisi, atachukua mkubwa mwenye gari, na yeye hatamwuliza mama huyo hata jina.» Ni neno la kweli, na bado hatujapata neno la kulishinda kabisa. Lakini tulimwuliza: Je, baba yako alipofukuzwa Walungu kwa ajili ya chai, yule mzungu hakusema vivyo hivyo, kwamba pori ni tupu na sheria iko upande wake? Akanyamaza. Naye akatuuliza sisi, je, feza yake itarudi lini? Tukanyamaza nasi.

Maana feza haikurudi. Mkubwa alisema ameimaliza katika kesi nyingine. Komisioneri namba yake ya simu haipatikani.

Mambo yakiwa bado hivyo, vita vikaja. Mwezi wa pili mwaka 2025 M23 iliingia Bukavu. Mwezi wa kumi na mbili mwaka huo huo mapigano yakashuka uwandani, Kamanyola, Luvungi, Sange, hadi Uvira, na maelfu ya watu wakavuka kwenda Burundi na mikeka yao kichwani. Tumesikia kwamba kati ya zile nyumba saba wengine walivuka. Kama mama yule alivuka hatukupata habari. Na katika siku hizo hizo, ndugu zetu, ndipo bei ya udongo ilipozidi kuwa rahisi! Komisioneri wengine wakazunguka mjini hapa na picha mpya katika simu. Safari hii walisema kweli, hakuna mtu. Mtu ameacha sufuria motoni akakimbia, nao wanauza shamba lake likiwa bado na moshi.

Tunaomba kila mmoja wenu anayeonyeshwa shamba rahisi sasa aulize swali hili moja: Mwenyewe yuko wapi? Wakikujibu kwamba hajulikani, funga feza yako katika kitambaa. Tena, saini inayotolewa wakati wa vita na aliye na muhuri leo, atakayekuja kesho anaweza kuikataa. Tumeishi vya kutosha kujua hayo.

Mambo mengine machache ya kazi, kwa wale watakaonunua penginepo. Nendeni kutazama mwezi wa nane, si wa pili, na mlale huko usiku mmoja, maana jirani anasema jioni asilosema mchana mbele ya mkubwa. Ulizeni ng'ombe wanapita wapi wakifuata majani na maji, kwa sababu shamba lililofunga njia ya ng'ombe ni vita ya kila mwaka. Msidhani pia kwamba mkipata udongo mmepata na dhahabu iliyomo. Sheria ya migodi ya 2002, hata ilipotengenezwa upya mwaka 2018, inasema mawe ya chini ni ya Leta, na haki yake ni nyingine mbali na haki ya udongo wa juu. Sisi watu wa mgodi ndio tungepaswa kulijua hilo kuliko wote, na bado wawili kati yetu walinunua kwa tamaa hiyo. Na mama zetu walioweka feza, majina yao yaandikwe kwenye karatasi, yao wenyewe, si ya waume. Tangu sheria ya tarehe 15 Julai 2016 mke hahitaji tena ruhusa ya mume ili kufanya mkataba.

Msifikiri pia kwamba ni Kongo tu watu wanadanganywa na udongo mkavu. Kule Marekani, mwaka 1958, mtu mmoja jina lake Nat Mendelsohn alinunua eneo kubwa katika jangwa la Mojave, akachora juu yake mji mkubwa, California City, wa kushindana na Los Angeles. Barabara zikakatwa, zikapewa majina, viwanja vikauzwa kwa maelfu kwa watu wa mshahara kama sisi. Mji upo, lakini ni mdogo, na sehemu kubwa ya zile barabara hata leo hazina nyumba hata moja, ni mchanga na majina. Mwaka 1968 Leta ya kule ikatunga sheria ya kumlazimisha mwuzaji wa viwanja vya mbali kumweleza mnunuzi ukweli kabla ya saini. Kwetu hapa mnunuzi anajitafutia mwenyewe huo ukweli, kwa miguu.

Sasa juu ya shamba letu. Sisi tuliotumwa na wenzetu tunaleta shauri hili, nanyi mtalikubali au kulikataa. Tusiombe cheti cha hekta kumi na mbili. Tuombe upande wa juu peke yake, kama hekta tano, ambao hauna nyumba wala mihogo. Hata huo tusiuombe mpaka watu wa nyumba saba warudi, waulizwe pale mahali, kwa lugha yao, na mipaka ipandwe miti mbele yao. Upande wa chini tuuache kwa maandishi, na mkubwa aweke muhuri wake kwenye maandishi hayo kama alivyoharakisha kuuweka kwenye yale ya kwanza. Nusu ya bei iliyobaki tusiilipe. Ile tuliyolipa ihesabiwe kuwa ndiyo bei ya upande wa juu.

Hatutawaficha hasara yake. Upande wa juu ndio usio na maji. Hatutalima mpunga huko, labda miti ya kuni na mihogo michache, na miaka ya kwanza hakuna atakayekula kitu kutoka hapo. Ndugu yetu mwenye kifua kibaya pengine hatafaidi, na yeye tunapendekeza arudishiwe sehemu yake kwanza, kutoka likelemba ya miezi inayokuja, kabla ya mtu mwingine yeyote. Yeye mwenyewe amekataa, anasema hataki sadaka. Mzungumze naye, wengine mna maneno kuliko sisi.

Kura itapigwa Jumapili ya kwanza ya mwezi, baada ya misa ya pili, mahali pale pale pa likelemba. Kila aliyetoa feza ana sauti moja, aliyetoa nyingi na aliyetoa kidogo. Karatasi zote zitakuwa mezani, ile nzuri ya kwanza, hesabu ya malipo, na ramani tuliyoichora kwa mkono yenye zile nyumba saba. Asiyesoma atasomewa zote, na hakuna kura itakayopigwa kabla ya kumaliza kusoma. Mwenye habari za watu wa nyumba saba, hasa waliovuka kwenda Burundi, atuletee kabla ya siku hiyo.